Sikumshona Mkwe, Nilishona Kanzu

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado ana ufunguo wa baiskeli yangu, amekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba Ijumaa nilimshona baba mkwe wangu, naomba kusahihisha kabla habari haijavuka bahari kwenda Pemba. Sikumshona mtu. Nilishona kanzu, ila kanzu hiyo ilikuwa na mtu ndani.

Cherehani yenyewe mnaijua, ninyi mliozivumilia picha zangu za kutu tangu Mfunguo Mosi. Ni Singer 31K20, ile ya mafundi, chuma kitupu, ambayo marehemu baba wa mkwe wangu aliitumia Mji Mkongwe hadi macho yalipomchoka, kisha ikawekwa stoo Kikwajuni na kupigwa na hewa ya chumvi miaka na miaka. Herufi K katika jina lake ni ya Kilbowie, kiwanda cha Clydebank kule Uskoti, ambacho kilifungwa 1980, kwa hiyo hata ningetaka kurusha lawama, hazina pa kutua isipokuwa kwangu. Mkwe alinikabidhi kwa sharti moja tu: ikifufuka, awe wa kwanza kuiona ikishona.

Ilikuwa imeganda. Mtu fulani, Mungu amsamehe, aliwahi kuitia mafuta ya nazi, nayo yakashikana na vumbi yakawa utando wa kahawia mgumu kama gundi. Nilikesha na mafuta ya taa, mswaki wa zamani na sindano ya kuchokolea vitundu vya mafuta, hadi usiku wa tisa gurudumu likazunguka robo, nami nikamwamsha mke wangu aje kulitazama. Hakufurahi.

Kosa langu lilikuwa mota. Nilinunua mota ya klachi iliyokwisha kutumika, na fundi mmoja mzee wa Darajani, aliponiona nimeibeba begani, aliniuliza puli yake, yaani kile kigurudumu kinachovuta mkanda, ina ukubwa gani. Nilipomwonyesha alicheka kwa pua. Alinieleza kwamba mota ya aina hiyo haijui polepole: ukishaiwasha huzunguka mfululizo, mara 2,850 kwa dakika kwa hiyo yangu, na kanyagio kazi yake ni kuiunganisha nguvu hiyo na mkanda tu, kwa hiyo mwanafunzi hutafutiwa puli ndogo kuliko zote ili mashine itulie. Puli ndogo haikuwepo dukani siku hiyo, na mkwe nilikuwa nimekwisha kumwalika. Mnajua wenyewe nilichoamua.

Alikuja baada ya Alasiri, kanzu nyeupe ya melimeli imepigwa pasi hadi inakata, na kofia ya viua. Chumba changu kina dirisha moja na taa moja, na viti havikutosha, kwa hiyo tulikaa fomu moja, mimi mbele ya sindano, yeye kushotoni kwangu. Rafiki niliyemtaja, yaani nisiyemtaja, alisimama mlangoni na simu yake. Mapajani nilikuwa na kipande kirefu cha merikani cha kujaribia. Nilikikusanya, nikakipandisha mezani, nikashusha kiguu cha cherehani, nikasema Bismillahi. Ninachokifahamu leo, na ambacho sikukifahamu wakati ule, ni kwamba katika kukusanya kile cheupe changu nilizoa pia cheupe kisicho changu.

Nikakanyaga.

Naomba niwasimulie taratibu, ingawa jambo lenyewe halikuzidi sekunde tatu. Kwanza ulikuja mlio, mzito na sawasawa, na moyo wangu ukajaa. Kisha nikahisi mkwe ananisogelea. Nilidhani amevutiwa, kwamba sauti ya cherehani ya babake imemgusa, na kwa kweli nilitabasamu. Akasogea tena, safari hii kwa kuteleza juu ya fomu bila kunyanyuka, bega lake likagota langu. Nikatupa jicho chini ili nimpishe, nikaona kifundo cha mguu wa mzee, kisha muundi, kisha, ndugu zangu, goti. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kuliona goti la baba mkwe wangu, wala sikuwa na haja nalo.

Nilizima swichi. Cherehani ikaendelea kushona.

Hapo ndipo akili yangu ilipoondoka. Mota hizo zina uzito unaoendelea kuzunguka hata umeme ukikatwa, na mguu wangu, kwa woga, ulikuwa umeganda juu ya kanyagio kama cherehani ilivyoganda stoo. Nilikuwa naomba dua kwa mdomo huku naendelea kushona kwa mguu. Mkwe hakupiga kelele. Aliniinamia sikioni, kwa sauti ile ile aliyonipokelea posa, akasema: "Mwanangu, inua mguu."

Niliinua. Nyuzi zilikuwa zimejisokota chini ya sahani ya cherehani, sindano imezama, gurudumu halisogei mbele wala nyuma, mkanda unanuka. Mzee alikuwa amefungwa kwenye chuma cha babake kwa mishono 124, sentimita 31. Niliihesabu baadaye nikiifumua kwa wembe, maana mshono wa nyuzi mbili haufumuki kwa kuvutwa. Kukata hakutaka. Akatoka ndani ya kanzu yake akiwa na msuli na fulana, akaomba kanzu yangu, ambayo kwake ilikomea katikati ya miundi, akaenda nayo kusali Magharibi msikitini, safu ya mbele.

Matundu yalifungika baada ya kufuliwa. Mafuta meusi hayakutoka. Puli ndogo nimeipata, video nimekataa kuitazama.

Leo asubuhi mjukuu wake ameniletea kanzu nyingine, ya kupunguzwa pindo vidole viwili. Imekunjwa vizuri, na kifuani imechomekwa sindano ya mkono yenye uzi tayari.