Daraja chini ya mizinga: amri ya mto Gari ilistahili?

Usiku wa tarehe 20 Januari 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, wahandisi wa kijeshi wa Marekani walifika kwenye mto Gari, kusini mwa mji wa Cassino, Italia, kuwavusha askari kwenda kuwashambulia Wajerumani ng'ambo. Wamarekani waliuita Rapido. Si mto mpana: mita 15 hivi, jiwe ukilirusha linafika ng'ambo. Lakini ulikuwa na kina cha karibu mita 3, maji ya baridi kali na mkondo wa kasi, na kingo zake zilisimama wima. Njia ya kuufikia ilikuwa tope tupu lisilopitisha malori, kwa hiyo boti zilibebwa kwa mikono, gizani, katikati ya mabomu ya ardhini. Nyingi zilitobolewa na vipande vya makombora kabla hazijagusa maji.

Ndani ya saa 48 Divisheni ya 36 ya Marekani, iliyopewa kazi ya kuvuka, ilipoteza askari 1,681: waliouawa, waliojeruhiwa na wasiojulikana walipo. Vidaraja vichache vya miguu vilisimama kwa muda. Daraja la Bailey, yaani la paneli za chuma zinazounganishwa papo hapo, la kuvusha vifaru halikukamilika hata moja, na waliokwisha kuvuka wakabaki peke yao, risasi zikiwaishia.

Jenerali Mark Clark, aliyetoa amri ya kuvuka, ana hoja nzito. Tarehe 22 Januari majeshi ya Washirika yangeshuka pwani ya Anzio, na Wajerumani walipaswa kushikiliwa Cassino wasikimbilie huko. Mwaka 1946, maveterani wa divisheni hiyo walipotaka Bunge limchunguze, Wizara ya Vita ilimtetea kwamba shambulio lilikuwa la lazima.

Mimi natetea lengo lake, siyo njia yake. Shambulio la Waingereza kwenye mto Garigliano, lililoanza tarehe 17, lilikuwa limekwisha kuvuta divisheni mbili za akiba za Wajerumani. Na Jenerali Fred Walker, aliyeiongoza Divisheni ya 36, aliandika katika shajara yake kabla ya vita kwamba haoni namna ya kufanikiwa.

Mwezi Mei Washirika walijaribu tena kuvuka, na mto ni uleule. Usiku wa tarehe 11, mizinga zaidi ya 1,600 ilifyatua katika uwanja mzima wa mapambano, na divisheni ya Wahindi ikafungua daraja lake asubuhi iliyofuata. Divisheni ya 4 ya Uingereza ilikwama. Ilikuwa imepanga madaraja matatu: Amazon, Blackwater na Congo.

Yeyote anayesema mizinga mingi humaliza tatizo afikirie paneli moja ya Bailey: kilo 260 hivi, huinuliwa na watu sita. Anayeishika hana mkono wa kushika bunduki, wala hawezi kulala chini kombora linapolia, maana mzigo utawaangukia wenzake. Wahandisi wa Amazon nao waliuawa, tena wengi.

Tofauti ninayoiona ni kwamba safari hii mtu alikubali kurudi nyuma. Blackwater na Congo yaliachwa kwa sababu moto ulikuwa mkali mno, na usiku wa tarehe 12 nguvu zote zikaelekezwa Amazon. Alfajiri ya tarehe 13 vifaru vilivuka. Januari, baada ya usiku wa kwanza kushindwa, amri iliyofuata ilikuwa kujaribu tena, hapohapo.