Nikikataa, nakataa kwa Kiingereza

Mwezi uliopita mdogo wangu aliniomba pesa ya kununua pikipiki ya bodaboda. Nikamjibu kwa Kiingereza, mistari miwili, nikaenda zamu.

Sisi ni watoto wa Bondeni, Nakuru. Mama Mluhya, baba Mkamba, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichonyonya. Kiingereza nakijua tangu darasa la kwanza, lakini sijawahi kubembelezwa kwa Kiingereza. Nyumbani kilikuwa lugha ya barua za shule na za benki.

Nina miaka sita hapa Leeds, nahudumia wazee kwenye makao. Mwanzoni niliwaona Waingereza baridi kweli: mzee anakata roho usiku, asubuhi kitanda kimeshatandikwa. Siku hizi anayetandika ni mimi. Ripoti naiandika sawasawa, saa ngapi, nimemjulisha nani. Kisha nampigia mama, naanza, "Leo kuna babu mmoja..." na sauti inakatika. Zamu nzima macho makavu!

Nilidhani moyo umeota sugu. Kumbe kuna watafiti wamelipima jambo hili, la lugha kugeuza maamuzi ya mtu. Mwaka 2014 Albert Costa wa Barcelona na wenzake, akiwemo Boaz Keysar wa Chicago, waliwapa watu kisa cha treni inayokwenda kuua watu watano. Wewe uko darajani. Ukimsukuma jamaa mwenye mwili mkubwa aliye kando yako, atakufa yeye, watano wapone. Waliosoma kisa kwa lugha yao, kama 20 kwa kila 100 walikubali kusukuma. Waliokisoma kwa lugha ya kigeni, kama 33. Lakini kisa kilipokuwa cha kuvuta swichi tu ili treni ibadilishe njia, lugha haikuleta tofauti. Tofauti ilikuja pale mkono unapogusa mgongo wa mtu.

Wapo watakaosema basi lugha ya kigeni inatuliza akili. Nusu nakubali. Mjomba alipotaka akiba yangu yote iingie kwenye ploti ya Rongai isiyo na hati, nilipiga hesabu kwa Kiingereza nikapona. Kwa Kiswahili ningesikia "mwanangu" tu, hesabu ningeisahau.

Ila tusiseme ni ugonjwa wa ughaibuni. Baba alipofariki, karani wa hospitali alikaa akipiga soga na mama kwa Kiswahili, pole nyingi, hata wakacheka kidogo. Alipofika kwenye bili, kwamba mwili hautoki mpaka ilipwe, akageuza lugha. Mama alilazimika kunitazama mimi nimfasirie. Sidhani yule karani alikuwa na roho mbaya. Alikuwa anatafuta fimbo ndefu, asimsukume mjane kwa mkono wake.

Na mimi fimbo ninayo, iko kwenye simu.

Mdogo wangu alijibu baada ya siku mbili: "Dada, afadhali ungenigombeza." Nikampigia. Pikipiki sinunui, hilo halijabadilika. Lakini tuliongea dakika arobaini, na lile neno "sina" nililizungukia mara tatu kabla ya kulitoa.