Bei njoo inbox, malalamiko usije

Kabla hujalipa, muuzaji wa mtandaoni ni ndugu yako wa damu. "Karibu sana bosi, mzigo OG kabisa." Ukishatuma hela na bodaboda akageuza, undugu umekwisha.

Nilinunua flashi iliyoandikwa TB 1. Kompyuta nayo ikasoma TB 1. Nikajaza video za harusi ya dada. Kuzifungua, za mwanzo ndizo zinacheza, zilizobaki ni majina matupu. Mchezo huu unajulikana: ndani kuna chipu ya GB chache, imechezewa ijitangaze kuwa kubwa. Ipo hata programu ya bure ya kuipima, H2testw. Nikapima, nikapiga picha majibu, nikamtumia.

"Mbona wateja wengine hawalalamiki?" Halafu: "Labda kompyuta yako ina virusi." Halafu tiki moja. Kaniblock! Na maoni yangu chini ya tangazo kayafuta, kaacha yale ya "asante dada, mzigo nimeupata" tu.

Eti "mali ikishauzwa hairudishwi", wanaibandika kama vile imepitishwa Dodoma. Iliyopitishwa ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na hiyo inakataza kumpotosha mnunuzi. Bidhaa bandia ni kazi ya FCC, ile Tume ya Ushindani, sawa, lakini niwapelekee nani? Akaunti yenye picha ya maua, na namba ya kulipia iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa?

Leo katangaza za TB 2. "Zimebaki chache, wahi."