Karatasi ina watu elfu, tuzo wamepewa watatu

Hapa Mwanga, Kigoma, kuna ubishi hauishi, dogo mmoja wa fomu siksi kasema chuo anaenda kusoma fizikia ili baadae aingie kwenye utafiti wa mawimbi ya graviti (mitikisiko midogo ya anga inayotoka kwenye matukio makubwa kama mashimo meusi kugongana), mjomba wake kagoma, eti huko unamezwa, utakuwa jina la mia saba kwenye karatasi ya utafiti, bora asome umeme. Watu wamemcheka mjomba ila mi naona ana hoja.

Maana angalia, ile karatasi ya LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa hayo mawimbi, ya Februari 2016 iliyotangaza wimbi la kwanza kunaswa ina waandishi zaidi ya 1,000, afu Nobel ya fizikia ya 2017 wakapewa Weiss, Barish na Thorne basi, tuzo haivuki watu watatu. Ni kama dagaa wa Kibirizi tu, nyavu wanavuta wengi usiku kucha, asubuhi anayetajwa ni mwenye mtumbwi.

Sasa upande wa pili, kwanini wawe wengi hivyo? Mitambo ipo miwili Marekani, Hanford na Livingston, kila mmoja una mikono miwili, yani mabomba ya kilomita 4 ambayo leza inapita ndani ikigonga vioo, na lile wimbi la kwanza, la Septemba 14, 2015, lilibadili urefu wa mkono kwa kipimo kidogo mamia ya mara kuliko protoni, kile kipande kidogo cha ndani ya atomu. Yani chochote kinakudanganya. Kuna kipindi kunguru wa Hanford walikua wanadonoa barafu kwenye mabomba na ikaonekana kwenye data! Kwahiyo kazi kubwa ya hawa jamaa ni kujishuku wenyewe. 2010 waliwekewa ishara feki kwa siri, wakaichambua miezi, wakaandika mpaka karatasi, 2011 ndo bahasha inafunguliwa wanaambiwa ilikua mtihani (mi ningelia). Huko nyuma mwanafizikia Mmarekani Joseph Weber na mapipa yake ya aluminiamu alitangaza 1969 kwamba kanasa mawimbi hayo, wenzake wakarudia vipimo wakakosa, na ndo maana siku hizi hawamwachii mtu mmoja atangaze. Ukiwa jina la mia saba inawezekana we ndo uliyewafukuza kunguru, na bila hiyo hakuna karatasi.

Kuhusu data, wanaiachia bure, hata dogo akiwa Ujiji na laptopu na bando anaweza kuishusha akajifunza kuichambua, hilo zuri sana, ila inaachiwa wao wakiwa wameshaila muda, na kushika vioo na leza kwa mkono haishuki kwa bando.

Mi ningekua dogo nisingegombana na mjomba. Kutuliza vioo visitetemeke, leza, sensa, yote hayo yanaendeshwa na watu wa umeme na elektroniki, wamejaa kwenye hayo makundi, kwahiyo umeme ni mlango tena mpana, na graviti ikigoma ana kazi mkononi. Shida mjomba na dogo washanuniana na fomu za chuo hazijajazwa.