Posho ya Milton

Nilipokuwa Manzese umeme ulikuwa ukikatika bila mtu kuupa jina. Unakatika, mtaa mzima tunasema "aaah!" kwa sauti moja, tunawasha mshumaa, tunaendelea kula. Maji yakitoka saa nane za usiku unaamka, unajaza ndoo, dumu, sufuria, mpaka jagi la juisi, unarudi kulala. Huduma hiyo nimeitumia miaka ishirini na sita bila kulipa senti. Oktoba 2024 nikaja kuilipia dola elfu sita na ushee, Orlando, jimbo la Florida, na mama mkwe wangu akiwa shahidi.

Nieleze vizuri. Mimi naendesha foklifti kwenye ghala moja huku Columbus, Ohio. Miaka miwili tumekuwa tukiweka hela pembeni ili watoto wakazione zile bustani za burudani zenye mabembea ya kuua mtu. Zuhura ana miaka kumi na tatu, Idi tisa, Hamadi minne. Mama mkwe kaja Julai kutoka Wete, Pemba, kumsaidia binti yake, na hauwezi kwenda likizo ukamwacha mama mkwe nyumbani na mikrowevu asiyoielewa. Kwa hiyo tiketi sita. Tiketi moja ya siku moja, kwa bei ile, Manzese napanga chumba na umeme wake.

Jumamosi tunafunga mabegi, kwenye televisheni wanasema huko Ghuba ya Mexico dhoruba imepewa jina: Milton. Mke wangu akaniuliza, "Baba Zuhura, umeiona hii?" Nikasema hiyo ghuba iko mbali. Maneno hayo nimerudishiwa mpaka leo, kwa tarehe na saa.

Jumapili jioni tumeshuka Orlando, Milton keshakuwa kimbunga kamili, daraja la kwanza. Nikajipa moyo: madaraja yako matano, si ndiyo? Mtoto wangu mwenyewe alikaa darasa la kwanza mwaka mzima. Jumatatu mchana niko kwenye foleni, ubao umeandika dakika 95, bembea lenyewe la dakika mbili, Hamadi kanikalia begani na aiskrimu inanichuruzikia sikioni, simu ikalia: daraja la tano. Upepo maili 180 kwa saa, karibu kilomita 290. Milton kavuka madarasa yote kwa usiku mmoja na mchana wake. Mimi kwenye foleni nilikuwa sijasogea hata zamu ya familia tatu.

Mama mkwe akataka kujua huyu Milton ni mtu gani. Zuhura akamweleza: vimbunga hupangiwa majina mapema, kwa alfabeti, ametangulia Leslie, kabla yake Kirk, na akishapita Milton zamu ni ya Nadine. Mama mkwe akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo walishajua watakuja, wakawawekea na majina, na nyie mkakata tiketi."

Nikanyamaza. Mkwe hajibiwi.

Halafu akaendelea, maana na yeye vimbunga anavijua. Mei ya mwaka uleule kimbunga Hidaya kilikuja pwani yetu, kikapiga Mafia, boti za Dar na Unguja zikasimamishwa, shemeji zake wakakwama bandarini na mzigo wa harusi. Na kabla ya hapo kuna kile cha Aprili 1872, kilichofyeka mikarafuu ya Unguja yote ikalala chini. "Sisi Pemba kilitupitia pembeni," akasema, kwa sauti ya mtu aliyehusika binafsi kukipitisha pembeni. "Ndiyo maana karafuu zikawa zetu." Watu wa Unguja mtanisamehe, mimi wa bara, nilichangia aiskrimu tu.

Jumanne sasa ndiyo siku ya maandalizi. Mke wangu kaandika orodha: maji galoni moja kwa mtu kwa siku, vyakula visivyoharibika, tochi, betri, mishumaa, dawa, fedha taslimu. Nikaenda dukani. Ndugu zangu, nimeona maduka wakati wa sikukuu, nimeona Kariakoo siku ya mkesha wa Idi, lakini sijawahi kuona rafu ya maji imebaki na vumbi na mzee mmoja anailalamikia. Mikate imekwisha. Betri zimekwisha. Keki zipo tele, nyingine zimechorwa kimbunga juu, cha krimu nyeupe kwenye bahari ya bluu. Nimesimama mbele ya ile keki nikiwaza hawa watu wana roho gani. Kwetu mtu akichora janga juu ya keki ataitiwa shehe.

Jodari wa kopo ndiye alikuwa amebaki. Sikuhesabu. Unapoona watu wanajaza toroli na wewe unajaza. Ni kama foleni ya mafuta, unaingia kwanza, unauliza baadaye. Nilipofika hoteli mke wangu alihesabu kwa niaba yangu: makopo hamsini na mawili.

"Kopo hamsini na mbili, Baba Zuhura."

"Tuko sita."

"Kifungulio kiko wapi?"

Nikarudi dukani.

Maji nikayapata kituo cha mafuta, ambako mafuta yenyewe hayakuwepo. Pampu zimefungwa mifuko ya nailoni kama vile zina tezi. Njiani nikawa napita watu wanapigilia mbao madirishani, wengine wanapakia viroba vya mchanga kwenye pikapu, wote watulivu kama wanaosafisha uwanja kwa ajili ya shughuli. Mimi peke yangu ndiye ninayetoka jasho, na mimi ndiye mwenye kaptula ya maua.

Korido ya hotelini nikakutana na jirani wa chumba cha pili, mzee mzaliwa wa Florida, kaja na mkewe na mbwa wawili kukimbia pwani ya Tampa. Akaniona na makopo, akaniambia nisihangaike na televisheni, niangalie Waffle House. Hiyo ni migahawa yao ya chai na mayai, haifungwi usiku wala mchana wala Krismasi. Akasema hata Craig Fugate, aliyekuwa mkuu wa shirika la maafa la taifa, alikuwa akiipimia maafa: ikiuza vyakula vyote, hali ni kijani, ikipunguza menyu, njano, ikifunga, nyekundu, omba Mungu. Nikamshukuru. Nimelala kwenye nchi iliyopeleka watu mwezini, na kipimo cha maafa ni mayai ya kukaanga. Ila nikiri kwamba nimekielewa kuliko ile ramani yao yenye umbo la koni, maana kila mtangazaji alianza kwa kusema koni haioneshi ukubwa wa kimbunga, inaonesha kitovu chake kinaweza kupita wapi. Kisha anaweka kidole juu ya hoteli yangu.

Huyohuyo mzee akanipa ujanja mwingine. Gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu weka sarafu. Umeme ukikatika wewe hupo chumbani, ukirudi unaangalia: sarafu ikiwa imezama, barafu iliyeyuka, chakula cha friji tupa. Nikaona hii ndiyo sayansi. Nikaweka robo dola. Asubuhi nafungua friji, barafu ipo, sarafu haipo. Nikapiga kelele umeme ulikatika usiku! Tupa maziwa! Mke wangu keshaanza kutupa. Mama mkwe akatoka msalani taratibu.

"Ile robo yako uliyoisahau kwenye barafu nimekuwekea kwenye mkoba wangu, mwanangu. Hela haziwekwi ovyo."

"Ahsante, mama."

Jumatano uwanja wa ndege ukafungwa saa mbili asubuhi, na ndege yetu ya Alhamisi ikafutwa kwa ujumbe wa simu wenye alama ya mshangao kana kwamba ni habari njema. Kufika mchana bustani kubwa zote nazo zikawa zimefungwa. Nikakaa dirishani nikipiga hesabu ya tiketi ambazo hazijatumika. Nyuma yangu, katika chumba cha vitanda viwili, nikasikia sauti ninayoijua tangu utotoni: maji yanajaza kitu kikubwa. Nikageuka. Mama mkwe amekunja mikono ya baibui, kafungulia lile beseni kubwa la kuogea, keshajaza ndoo ya barafu, makopo ya taka aliyoyaosha, birika la kahawa na vikombe vyote vya hoteli, kavipanga ukutani kwa ukubwa. Hakuna aliyemwelekeza. Kwenye televisheni mtaalamu mwenye shahada ndiyo kwanza anashauri wananchi wajaze mabeseni. Mama mkwe akamtazama, akasema, "Kachelewa kuamka huyu."

Jioni simu zetu zote zikalia kwa mpigo ule mlio wa tahadhari, mbaya kama bata anayenyongwa na umeme. Onyo la tornado, ile tufani ya ardhini inayozunguka kama pia. Mama mkwe akauliza ni adhana ya msikiti gani hiyo. Tukaingia bafuni sote sita, maana wanasema kaa chumba kisicho na dirisha. Godoro tumeliegemeza mlangoni. Mimi nimekaa juu ya kifuniko cha choo kama mwenyekiti wa mtaa. Beseni haliingiliki, limejaa maji ya akiba. Idi anataka kwenda haja ndogo. Baba anyanyuke, familia igeukie ukutani, baba akae tena. Mara nne.

Zuhura akatuonesha picha kwenye simu: mwaka 2022, kimbunga Ian kilipokuja, bustani moja ya St. Petersburg, hukohuko Florida, iliwaficha heroe wake chooni. Ndiyo, heroe, wale ndege wa miguu mirefu wa Ziwa Natron, wamesimama kwenye vigae karibu na masinki. Tofauti yao na sisi, wao hawakulipia chumba, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kusimama.

Milton alitua saa mbili na nusu usiku kule Siesta Key, karibu na Sarasota, keshashuka mpaka daraja la tatu. Sisi tukaupata upepo baadaye. Nisidanganye, ulivuma. Dirisha lilikuwa linapumua. Kitu fulani kilikuwa kinagonga nje kwa mdundo, gonga, gonga, kimya, gonga, na hicho kimya ndicho kilichokuwa kikinitisha. Watoto walilala, mke wangu akavuta tasbihi, mama mkwe akasoma Yasini mpaka akamaliza akaanza tena. Mimi nilishika tochi. Kazi yangu ilikuwa moja: umeme ukikatika, niwashe tochi. Nimejiandaa maisha yangu yote kwa kazi hiyo. Nina betri za akiba mfukoni, mishumaa kumi na mbili, viberiti viwili, uzoefu wa Manzese.

Umeme haukukatika.

Florida nzima wateja zaidi ya milioni tatu walibaki gizani. Sisi taa zilipepesa mara moja, saa saba, nikaruka, nikaiwasha tochi, taa zikarudi. Nikaonekana nimesimama juu ya choo namulika taa inayowaka. Mama mkwe akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuipata kwake, hata siku ya posa.

Asubuhi kiyoyozi kinavuma kama kawaida, nje miti imelala, kibao cha mgahawa kiko bwawani. Habari za upande wa mashariki zilikuwa mbaya. Zile tufani ziliua watu ambao kimbunga chenyewe hakijawafikia. Hapo sikuwa na la kulalamika, na nilikaa kimya mpaka adhuhuri.

Adhuhuri nikaanza tena, kwa sababu tuna galoni thelathini za maji, beseni limejaa hatuwezi kuoga, na makopo arobaini na sita. Nikayapeleka maji dukani. Dada wa kaunta, kwa adabu kabisa, akanionesha karatasi: bidhaa za kimbunga hazirudishwi. Nyuma yangu walikuwepo wanaume saba, kila mmoja na jenereta au katoni, kila mmoja akiangalia viatu vyake. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie Marekani nimejisikia raia.

Ijumaa bustani zikafunguliwa. Foleni dakika 110, maana waliokosa siku mbili wote wamekuja siku moja. Chakula cha humo ndani, sandwichi ya kuku kwa bei ya kuku mzima na banda lake. Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa jodari, mkate, kifungulio, na ndimu ambayo mpaka leo sijui aliipata wapi. "Kuleni posho ya Milton," akasema. Jina likanata.

Jumamosi uwanja wa ndege wakapima mabegi. Kikomo kilo 23. La mama mkwe, ambamo mke wangu alipakia makopo kwa siri, lilifika 34. Nililipia uzito wa ziada hela nyingi kuliko niliyonunulia hao samaki, na yule wa kaunta akanitakia safari njema.

Mwaka 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likalistaafisha jina la Milton, halitatumika tena, badala yake wameweka Miguel. Mama mkwe alisharudi Wete, na robo dola yangu. Juzi nimechelewa kutoka kazini, nikachanganya jodari na kitunguu, nyanya na pilipili kidogo, nikawaandalia wanangu na wali. Hamadi, ambaye sasa ana miaka mitano na adabu zake zote za shule, akachungulia sahani, akaweka kijiko chini.

"Baba, kwani Milton bado hajaisha?"