Mwindo bila Nkuba: vijana banachukua conga, banaacha azabu

Hapa Goma vijana benye kuandika hadisi za fantazi ku telefone banachukua sana bitu bya bankambo: mutoto mwenye anazaliwa akitembea, fimbo yenye inatii bwana wake, nyama kubwa yenye kumeza batu. Bazee banasema munaharibu hadisi yetu, vijana banabacheka eti ni wivu. Mi naona bazee habajasikiwa muzuri.

Tukamate Mwindo, shujaa wa hadisi ya Banyanga, kule Walikale. Muzee Rureke alimusimulia mu 1956, siku 12, batafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene bakaandika, buku ikatoka 1969. Vijana banapenda mwanzo: Shemwindo, baba ya Mwindo, anakatalia babibi bake kuzala mwanaume, Mwindo anazaliwa na conga yake (usinga, ile fimbo yenye kumutii) mu mukono, baba anamufungia mu ngoma, anamutupa mu mayi, anapona. Muzuri kabisa, nani hapendi.

Lakini kwa Rureke haiishie pa ushindi. Mwindo ashakuwa mwami anatamani nyama ya ngulube, anatuma Bambuti kuwinda, Kirimu, ile nyama kubwa yenye kumeza batu, anabameza, Mwindo anaenda anamuua na conga, kijiji kizima kinakula. Mu romani mingi buku inafungwa hapo na makofi. Kumbe Kirimu ni rafiki ya Nkuba, Radi mwenyewe, ule ule mwenye alimusaidiaka Mwindo kuvunja Tubondo, kijiji ya baba yake, sasa anashuka anamukamata anamupandisha kule juu, mwaka muzima, mvua inamupiga, mawe ya mvua inamupiga, jua inamuchoma mpaka koo inakauka, na banamuambia aache kiburi. Anarudishwa na amri: asiue tena nyama hata moja. Ule mwaka njo bazee banaulilia. Shujaa mwenye anaazibiwa juu aliua ile kitu yenye shujaa wa kila fantazi anapewa zawadi kwa kuiua! Ukiondoa Nkuba, unabaki na supamani mwenye jina ya Kinyanga, basi.

Vijana nabo biko na yabo. Hadisi haikuwaka moja: mu 1978 Biebuyck alitosha masimulizi ingine ya Mwindo, na haifanane na ya Rureke. Na Tolkien, Mwingereza mwenye kuandika fantazi, majina ya bale batu bafupi mu The Hobbit (1937), aliitosha mu shairi ya zamani ya Iceland, Völuspá, na hakuna mwenye alimuhukumu. Ni kweli, sikatai. Ila Rureke akigeuza kitu alikuwa anageuza mbele ya batu benye kuijua, benye kupiga ngoma na kuimba naye. Mwenye kuandika peke yake usiku ku telefone, nani atamuuliza Nkuba iko wapi?

Na hapa bazee pia basikasirike: ile buku ya 1969 iko mu Kinyanga na Kingereza, na kijana wa Himbi ao Katindo, hapa Goma, anasoma Kifaransa. Kama mwenye kujua ule mwaka wa kule juu anakuja tu kulaumu wakati hadisi ishatoka, ule kijana angeijulia wapi?