Mkulima wa Usangu na hesabu ya maji ya Ruaha Mkuu

Kila kiangazi, habari kwamba Mto Ruaha Mkuu umekatika zikifika mijini, lawama huelekezwa kwa mkulima wa mpunga wa Mbarali, kwenye bonde la Usangu ambako mto huo hupata maji yake, kabla hata ya mtu kuuliza ni maji kiasi gani yamepotea na yamepotelea wapi. Imekuwa hivyo tangu 1993, mto ulipokauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na watu wakashtuka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi jijini London kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita mto ukiendelea kukatika, na lugha ya kumtaja mkulima ikazidi kuwa kali: mharibifu, mvamizi, mwizi wa maji.

Wanaoitetea hifadhi wana hoja, na ni hoja nzito. Mto unapokatika, viboko hujazana kwenye madimbwi machache, samaki hufa kwa kukosa hewa katika maji yanayozidi kuwa machafu, na wanyama waliozoea kunywa mtoni hulazimika kutangatanga na mara nyingine kuingia vijijini. Utalii wa kusini umejengwa juu ya mto huo. Chini zaidi kuna wavuvi na wakulima ambao hawakupewa kura yoyote katika uamuzi wa kujenga banio, yaani kizuizi cha kuingiza maji mferejini, kule juu kwenye mito ya Chimala au Kimani. Anayesema maji ya mto si mali ya yule aliye karibu na chanzo pekee anasema kweli, na mkulima wa Usangu anapaswa kuisikia kweli hiyo.

Tatizo langu ni hoja ya pili, ile inayotamkwa zaidi na viongozi: kwamba mpunga wa Usangu ndio unaoizima nchi. Hoja hii ilipata nguvu wakati wa mgao wa umeme wa miaka ya 1990 na ule wa 2006, kina cha bwawa la umeme la Mtera kiliposhuka, na sasa imerudi kwa sababu ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Haraka haraka inaingia akilini: maji yanatoka Usangu, yanapita hifadhini, yanaingia Mtera, yanazungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, kisha yanashuka Rufiji. Ukiyachepusha juu, umeme unapungua chini.

Tuyapime basi. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walichapisha makadirio ya kiasi cha maji kinachohitajika ili mto usikatike hifadhini wakati wa kiangazi. Walipata mita za ujazo 0.6 hivi kwa sekunde. Chukua siku 150 za kiangazi kikali, uzidishe: ni mita za ujazo milioni 8 hivi, wakati Mtera likijaa linabeba zaidi ya bilioni 3. Maji yote ambayo hifadhi inayadai kwa kiangazi kizima hayafiki hata nusu ya asilimia moja ya bwawa. Mtera hujazwa na masika, pale Ruaha Mkuu unapofurika na mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo nayo ikaleta ya kwake. Kiasi cha maji ambacho mkulima huingiza kwenye jaruba lake la mpunga masika kina athari kwa Mtera, sikatai, hasa mwaka wa mvua haba. Lakini mwaka wa namna hiyo hata majaruba hupungua yenyewe, kwa sababu aliye mwisho wa mfereji, yaani wa mkiani, hapati maji ya kuburuga (kuvuruga tope la) shamba. Na waliochunguza kumbukumbu za mabwawa waliona kwamba namna Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa, maji yakiachiwa bila hesabu nzuri, ilichangia uhaba ambao wakulima walibebeshwa peke yao. Kwa Bwawa la Nyerere hoja inazidi kupungua uzito, kwani sehemu kubwa ya maji ya Rufiji hutoka Mto Kilombero. Ruaha Mkuu huchangia asilimia 15 hivi.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayosukumwa katika gunia moja. Umeme ni suala la masika na la uendeshaji wa mabwawa, na hifadhi ni suala la kiangazi. Anayeyachanganya atamwondoa mtu shambani mwake kwa ajili ya megawati ambazo hazitaonekana.

Kwenye suala la kiangazi, utafiti uleule unamweka mkulima pagumu, na hapa sitamtetea kupita kiasi. Maji ya Usangu hayaendi hifadhini moja kwa moja. Yanaingia kwanza ardhioevu ya Ihefu, na kutoka humo lazima yapande juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya kizingiti, mto unakatika, hata kama Ihefu bado ina maji mengi nyuma yake. Ndiyo maana ili zitoke hizo mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, zinapaswa kuingia karibu 7. Nyingine zote zinanyonywa na jua na mimea ya ardhioevu. Watafiti walihitimisha kwamba kiangazi, asilimia 65 ya maji ya mito isiyokauka ingepaswa kuachwa ifike Ihefu, na watu wabaki na 35.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi. Saba ziingie ili itoke nusu na ushei. Ina maana kumnyang'anya mkulima mmoja ndoo yake hakuufikishii mto chochote kinachopimika, kwa sababu kina cha Ihefu hakipandi kwa ndoo moja. Ama mabanio mengi yafungwe kwa pamoja, kwa miezi ileile, ama jasho lote litaishia kwenye matete. Operesheni za kukamata huyu leo na yule mwezi ujao zinatoa habari za magazetini, lakini Ng'iriama panabaki pakavu.

Sasa, nani anachukua maji kiangazi, na kwa nini? Mpunga wa Usangu kwa sehemu kubwa ni wa masika. Unapandikizwa mvua zikishakolea na kuvunwa kuanzia Mei na Juni. Julai hadi Oktoba mashamba mengi hayana kitu, lakini mifereji bado inatiririka. Sababu moja ni wenye haraka, wakiwemo wenye mashamba makubwa, wanaoanza vitalu mapema ili wauze mpunga wa kwanza kwa bei nzuri. Hao waambiwe wazi wasubiri. Sababu nyingine ni vijiji. Kwa kaya nyingi mfereji ndio bomba: maji ya kunywa, ya kufua, ya kunyweshea mbuzi, ya kufyatulia matofali. Ili ndoo chache zifike kijiji cha mwisho, mkondo mzima unaachwa utembee kilomita kadhaa juani, ukipotea njiani. Kisima chenye pampu kingempa mama wa kijiji hicho maji safi kuliko ya mferejini, na banio likafungwa bila ugomvi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya karibu zaidi ya kuurudishia mto maji, na ndiyo isiyozungumzwa kabisa kwenye majukwaa.

Tena haya mabanio yana historia. Zamani wakulima walizuia mto kwa miti, mawe na majani. Lilikuwa banio linalovuja, mafuriko yakija linabebwa, na kiangazi maji yalipenya kwenda kwa wa chini. Kisha ikaja miradi ya kuboresha, ya serikali na wafadhili, ikajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Yalisifiwa kuwa ya kisasa. Lakini zege halivuji, na wa juu akapata uwezo wa kuchukua mto wote wa kiangazi. Vibali navyo vikatolewa kwa lita kwa sekunde, na aliyelipia akaona ana haki ya lita zake zote, Februari na Septemba sawasawa. Leo aliyekabidhiwa banio hilo ndiye anayeitwa mharibifu.

Njia ya kuhamisha watu tumeshaijaribu. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani, na mto ukaendelea kukauka. Hifadhi ikapanuliwa hadi zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na Tangazo la Serikali namba 28, lililoweka mipaka hiyo mipya, likawa jina la mgogoro Mbarali, hadi tangazo namba 754 la 2023 liliporekebisha mipaka na kurudisha sehemu ya ardhi kwa wananchi. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za REGROW, mradi wa kukuza utalii wa kusini, kufuatia malalamiko ya wanavijiji kuhusu manyanyaso.

Kilimo shadidi, cha mche mmoja mmoja na jaruba linalolowanishwa na kukaushwa kwa zamu, kinasaidia, na wapo Mbarali wanaokitumia. Ila maji yanayookolewa juu bila makubaliano hufungua majaruba mapya pembeni, na Ihefu haipati kitu. Bwawa lililopendekezwa Lugoda, kwenye Mto Ndembera, lingeweza kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi, lakini ni ghali na litachukua miaka.

Kabla ya hilo, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji na jumuiya za watumia maji zinaweza kuandika upya vibali viwe vya msimu, vikiwa na tarehe ya kufunga na ya kufungua kila banio, kuanzia mashamba makubwa. Visima vichimbwe kwanza, vijiji vya mkiani vikitangulia, na kipimo cha mafanikio kiwe kina cha maji pale Ng'iriama mwezi Oktoba.